Pangaboi, Jeti au Kuunganisha Ndege: Ulinganisho wa Umbali na Muda wa Safari kati ya Viwanja Viwili Vidogo

Msafiri anayetaka kwenda kutoka mji mmoja wenye kiwanja kidogo cha ndege hadi mji mwingine wa namna hiyo huanza kwa maswali mawili: ni kilomita ngapi, na ndege inachukua muda gani. Majibu yake hupatikana upesi kwenye intaneti, na mara nyingi ni sahihi. Hata hivyo, majibu hayo mawili peke yake hayamwezeshi kuchagua, kwa sababu safari kati ya viwanja vidogo ina vipande vingi ambavyo havipungui hata ndege iende kasi namna gani. Vipande hivyo nitaviita dakika za kudumu, na katika ulinganisho huu wote ndivyo vitakavyotuonyesha kwa nini ndege yenye kasi zaidi haimfikishi mtu mapema zaidi kila mara, na kwa nini kilomita 200 ni jambo tofauti kabisa na kilomita 600.

Chaguo ambazo msafiri huwa nazo ni nne. Ya kwanza ni ndege ya pangaboi, yaani inayosukumwa na mapanga yanayozunguka, inayokwenda moja kwa moja. Ya pili ni ndege ya jeti inayokwenda moja kwa moja. Ya tatu ni kupitia kiwanja kikuu na kubadilisha ndege hapo. Na ya nne ni kuacha anga na kwenda kwa barabara, reli au chombo cha majini. Kabla ya kuzilinganisha, inafaa kuelewana kwanza kuhusu umbali wenyewe, maana makosa mengi huanzia hapo.

Umbali unaosomwa na umbali unaorukwa

Takwimu ya umbali inayotolewa na programu nyingi za kukokotoa ni ya duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, ikichukuliwa kwamba dunia ina nusu kipenyo cha wastani wa kilomita 6,371. Takwimu hiyo inaweza kuandikwa kwa vipimo vitatu. Maili ya nchi kavu ni kilomita 1.609, na maili ya baharini, ambayo ndiyo marubani wanayoitumia, ni kilomita 1.852. Kwa hiyo umbali mmoja wa kilomita 600 unaweza kuonekana mahali pengine kuwa maili 373, na mahali pengine kuwa maili 324 za baharini. Anayeisoma namba 324 akidhani ni kilomita ataamini kwamba safari yake ni karibu nusu ya ilivyo, na huenda akaamua kupanda gari.

Ipo hatari nyingine ya kuchanganya majina. Viwanja viwili vinaweza kuwa na jina moja katika nchi mbalimbali: Birmingham ya Uingereza hutambulika kwa herufi BHX, na Birmingham ya Alabama, Marekani, kwa BHM, Sydney ya Australia ni SYD, na Sydney ya Nova Scotia, Kanada, ni YQY. Wako abiria waliowahi kukata tiketi ya Sydney isiyo yao na kushtukia wako upande wa pili wa dunia. Herufi tatu za kiwanja ndizo za kuaminiwa, wala si jina la mji.

Umbali wa duara kuu, hata ukisomwa sawasawa, si umbali ambao ndege huruka. Ndege hupaa ikielekea upande ambao upepo unatoka, hufuata njia zilizopangwa, hukwepa maeneo ya kijeshi, milima na mawingu ya radi, kisha hupangwa katika foleni ya kutua. Tofauti hiyo huumiza zaidi safari fupi. Tuseme mizunguko ya kuruka na kutua inaongeza kilomita 30. Katika safari ya kilomita 2,000, hilo ni ongezeko la asilimia 1.5 tu, ambalo halihisiwi. Katika safari ya kilomita 200, ni asilimia 15. Hii ni mojawapo ya sababu zinazofanya safari fupi ionekane kuwa ndefu kuliko mtu alivyopiga hesabu kwa kugawa umbali kwa kasi.

Anga lililofungwa linaweza kubadilisha hesabu yote kwa siku moja. Baada ya anga la Urusi kufungwa kwa mashirika ya ndege ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa ikichukua takriban saa tisa na nusu, ilifika karibu saa 13, ingawa miji hiyo haikusogea hata hatua moja. Huo ni mfano wa safari ndefu, lakini kanuni yake ni ileile kwa viwanja vidogo vilivyo jirani na eneo lisilorukwa.

Pangaboi dhidi ya jeti

Watu wengi huidharau ndege ya pangaboi kabla hawajafanya hesabu. Kwa hakika, ukizitazama kasi peke yake, jeti inashinda waziwazi. ATR 72, ambayo ni ndege ya pangaboi yenye nafasi ya abiria 70 hivi, husafiri angani kwa kasi ya kama kilomita 500 kwa saa. Dash 8 Q400, ambayo nayo ni pangaboi, hufikia kama kilomita 650. Jeti ya kiasi kama Embraer E190 hupita kilomita 800 kwa saa. Kwa namba hizo, mtu angetarajia jeti ipunguze muda wa safari kwa zaidi ya theluthi moja.

Mambo hayaendi hivyo, na sababu zinaeleweka. Kwanza, ndege zote mbili hutembea ardhini kwa mwendo uleule kutoka kwenye jengo hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Pili, katika nchi nyingi ndege inayoruka chini ya futi 10,000, yaani mita 3,050 hivi, hairuhusiwi kuzidi maili 250 za baharini kwa saa, ambazo ni karibu kilomita 463. Kwa kipande hicho cha safari, nguvu kubwa ya jeti inazuiliwa na sheria. Tatu, jeti hutumia mafuta vizuri ikiwa juu sana, kwa hiyo katika safari fupi hutumia sehemu kubwa ya njia ikipanda kwenda huko na kisha ikishuka, na kipande cha kwenda kwa kasi yake kamili huwa kifupi mno.

Kwa ajili ya makadirio, mimi hutumia kanuni rahisi: nagawa umbali kwa kasi ya ndege, kisha naongeza dakika 25 kwa pangaboi na dakika 30 kwa jeti, ili kufidia kutembea ardhini, kupanda, kushuka na kupangwa kwa ajili ya kutua. Ni kadirio tu, lakini huwa halikosei sana likilinganishwa na ratiba.

Kwa umbali wa kilomita 300, ATR inachukua dakika 36 za mwendo na 25 za nyongeza, jumla dakika 61. Jeti inachukua dakika 23 na 30, jumla 53. Tofauti ni dakika nane. Kwa kilomita 600, ATR inafika dakika 97 na jeti 75, tofauti dakika 22. Lakini ukiiweka Q400 badala ya ATR, unapata dakika 80, na tofauti inabaki dakika tano tu. Kwa kilomita 1,000, ATR inachukua saa mbili na dakika 25, na jeti saa moja na dakika 45. Hapo ndipo jeti inapoanza kustahili kutafutwa kwa bidii, kwa sababu dakika 40 zinaweza kumwahisha mtu kwenye mkutano au kwenye ndege nyingine.

Upepo nao hauzipigi ndege hizi kwa kiasi kimoja. Mabaharia huuita upepo unaokuja kutoka mbele upepo wa mbisho, na neno hilo linafaa angani vilevile. Mbisho wa kilomita 60 kwa saa unaifanya ATR itumie dakika 82 za mwendo katika kilomita 600, ilhali upepo huohuo ukiwa nyuma unaifikisha kwa dakika 64. Pengo ni dakika 18 kati ya kwenda na kurudi. Kwa jeti inayokwenda kilomita 800 kwa saa, upepo huo unaleta pengo la dakika saba. Kwa upande mwingine, jeti huruka juu zaidi, ambako pepo huwa na nguvu zaidi, kwa hiyo faida hiyo si kamili. Kwa vyovyote vile, msafiri asishangae kuona ratiba ikionyesha muda mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi kwenye njia ileile. Hilo si kosa la uchapaji.

Yako mambo mengine ambayo pangaboi inayashinda, na ambayo ndiyo yanayoifanya iwepo kwenye viwanja vidogo. ATR 72 inaweza kuruka kwenye njia yenye urefu wa takriban mita 1,300 katika hali ya kawaida usawa wa bahari, ilhali jeti nyingi huhitaji njia ndefu zaidi. Kiwanja kikiwa juu milimani au mahali penye joto kali, hewa huwa nyepesi, mabawa hupata nguvu kidogo, injini nazo hupungukiwa, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya ile ya kawaida. Njia isipotosha, suluhisho la rubani ni kupunguza uzito, na uzito unaopunguzwa unaweza kuwa mizigo yako, ikafuata kwa ndege ya baadaye. Kwa hiyo, mtu anayesafiri na mzigo asioweza kukaa bila nao afikirie kuondoka asubuhi, hewa ikiwa bado ya baridi.

Kwa ndege ndogo zaidi, kama Cessna Caravan inayobeba abiria wasiozidi kumi na wachache, hesabu inabadilika tena. Kasi yake ni kama kilomita 340 kwa saa, abiria wenyewe huweza kupimwa uzito pamoja na mabegi yao, na ndani yake hewa haishindiliwi kama katika ndege kubwa, kwa hiyo huruka chini chini. Kwa kilomita 150 kuelekea kiwanja cha changarawe haina mpinzani. Kwa kilomita 600 nisingemshauri mtu kuichagua ikiwa ipo njia nyingine.

Kuhusu starehe niseme kwa kifupi: pangaboi ina kelele zaidi, makabati yake ya juu ya viti ni madogo, na kwa kuwa haivuki futi 25,000 hupita ndani ya mawingu ambayo jeti hupita juu yake. Mwenye kuchafukwa na tumbo angani aketi karibu na mabawa, mahali ambapo mtikiso huwa kidogo, ingawa kelele za mapanga ziko hapohapo.

Moja kwa moja au kuunganisha

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo, na hapa ndipo dakika za kudumu zinapoonyesha uzito wake. Wahenga walisema kwenda mbio si kufika, na anayeunganisha ndege mbili za jeti ili kuikwepa pangaboi moja huuona ukweli huo.

Chukua viwanja viwili vilivyo umbali wa kilomita 600. Pangaboi ya moja kwa moja inachukua dakika 97. Badala yake, msafiri anapita kwenye kiwanja kikuu kilicho kilomita 400 kutoka kwake na kilomita 500 kutoka aendako. Jeti ya kwanza inachukua dakika 60, ya pili dakika 68, na katikati anasubiri saa mbili. Jumla ni saa nne na dakika nane. Tuongeze sasa dakika za nje ya ndege kwa wote wawili: dakika 45 za kwenda kiwanjani, 90 za kuwahi kabla ya kuondoka, 30 za kungoja mzigo na kutoka, na 45 za kufika mjini, yaani dakika 210. Anayekwenda moja kwa moja anatumia saa tano na dakika saba tangu mlango wa nyumba hadi mlango wa mwenyeji wake. Anayeunganisha anatumia saa saba na dakika 38. Ndege zenye kasi kubwa zimemcheleweshea saa mbili na nusu.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba ya moja kwa moja ni bora siku zote. Lakini njia kati ya viwanja vidogo zina udhaifu mmoja ambao ratiba ya siku moja haiuonyeshi: ndege huwa chache kwa wiki. Ikiwa ya moja kwa moja inaruka Jumatatu na Ijumaa tu, na shughuli yako iko Jumatano, basi utafika Jumatatu na kukaa siku mbili bila kazi, na baada ya shughuli utangoja hadi Ijumaa kurudi. Njia ya kiwanja kikuu, yenye ndege kila siku asubuhi na jioni, inakuchukua saa saba na nusu kwenda na saa saba na nusu kurudi, lakini inakurudishia siku tatu za maisha yako. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kuhusu njia ya moja kwa moja lisiwe muda wake, bali siku zake.

Uchache huo una athari nyingine siku mambo yanapoharibika. Ndege ya moja kwa moja ikiahirishwa, ya kufuata inaweza kuwa baada ya siku tatu. Kwenye kiwanja kikuu, abiria aliyekwama ana ndege nyingine za kupangiwa. Hata hivyo, faida hiyo inategemea tiketi. Safari zote mbili zikiwa ndani ya tiketi moja, shirika lililoiuza ndilo lenye wajibu wa kukutafutia njia nyingine ndege ya kwanza ikichelewa, na mzigo kwa kawaida hupelekwa hadi mwisho. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali kwa sababu zimeonekana kuwa nafuu, hatari yote inakuwa yako: unauchukua mzigo, unausajili upya, na ukikuta kaunta imefungwa tiketi ya pili inaweza kupotea kabisa. Kwa tiketi moja, saa mbili za kusubiri zinatosha katika viwanja vingi. Kwa tiketi mbili, mimi nisingekubali chini ya saa nne, na kama ya pili ndiyo ya mwisho siku hiyo ningelala hapo na kuondoka asubuhi.

Kipo pia kishawishi cha kupanda gari hadi kiwanja kikuu kilicho mbali kwa sababu kina ndege nyingi. Hesabu yake ni nyepesi: kila dakika ya barabarani inaongezwa kwenye zile dakika 45 za kwenda kiwanjani, na kwa kuwa foleni za kiwanja kikuu ni ndefu, zile 90 za kuwahi hugeuka 120 au zaidi. Faida kubwa ya kiwanja kidogo ni kwamba kutoka langoni hadi kwenye ndege ni hatua chache. Anayekiacha anaipoteza faida hiyo kabla hajaondoka.

Kubaki ardhini

Ulinganisho wa haki lazima uiulize ndege kama inahitajika. Barabara haifuati mstari ulionyooka. Kwa makadirio ya kawaida, kilomita 200 za angani huwa kama 260 za barabara, na kwa mwendo wa wastani wa kilomita 65 kwa saa hizo ni saa nne. Kwa ndege, umbali huohuo wa kilomita 200 unahitaji dakika 49 angani na zile dakika 210 za nje, jumla saa nne na dakika 19. Mpanda ndege na mpanda basi wanafika karibu pamoja, na wa basi huenda akatangulia. Kwa kilomita 300, barabara inachukua saa sita na ndege saa nne na nusu. Kwa kilomita 600, barabara ni saa 12 dhidi ya saa tano. Mpaka wa uamuzi, kwa barabara ya kawaida, uko basi mahali fulani kati ya kilomita 200 na 300. Barabara ikiwa mbaya unashuka, na ikiwa ni barabara kuu ya njia nyingi unapanda.

Reli ya kasi inausogeza mpaka huo mbali sana. Kati ya Madrid na Barcelona, reli iliyokamilika mwaka 2008 ina urefu wa kilomita 621, na treni zake za haraka huchukua kama saa mbili na nusu, kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji. Ndege inaruka kwa saa moja na kidogo, lakini ukiongeza dakika za kudumu, inashindwa. Ufaransa ilikwenda mbele zaidi mwaka 2023 ilipopiga marufuku safari za ndani za ndege pale ambapo treni inafika kwa chini ya saa mbili na nusu, na zilizoguswa ni zile za kutoka Paris Orly kwenda Nantes, Lyon na Bordeaux. Sababu ya sheria hiyo ilikuwa hewa chafu inayotoka kwenye ndege, si muda. Lakini muda wenyewe ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba abiria hapotezi kitu kikubwa.

Maji hugeuza yote. Ndege ya abiria yenye ratiba iliyo fupi kuliko zote duniani inaruka kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray, huko Orkney, Scotland: umbali ni kama kilomita 2.7, safari hupangiwa dakika mbili, na iliwahi kukamilika kwa sekunde 53. Kwa kipimo cha barabara umbali huo haustahili ndege kabisa. Lakini kati ya visiwa swali si kilomita ngapi, ni chombo gani kingine kipo, kinaondoka saa ngapi, na bahari imetulia au imechafuka.

Kuusoma muda kwenye tiketi

Muda unaoandikwa kwenye ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondolewa vizuizi vya magurudumu hadi inaporudishiwa vizuizi hivyo mwisho wa safari, wala si tangu inapoacha ardhi. Ndani yake mashirika huweka akiba ya dakika kadhaa ili kuchelewa kidogo kusionekane. Ndiyo maana rubani anaweza kutangaza kwamba mmefika mapema dakika 15 ilhali safari ilikuwa ya kawaida kabisa. Ukilinganisha mashirika mawili kwenye njia moja na aina moja ya ndege, ukaona moja limeandika saa moja na dakika 20 na jingine saa moja na dakika 35, usidhani la kwanza lina marubani hodari zaidi. Huenda la pili limejiwekea akiba tu.

Jambo la pili ni saa za mahali. Saa ya kuondoka huandikwa kwa saa za kiwanja unachotoka, na ya kufika kwa saa za kiwanja unachokwenda. Nchi moja inaweza kuwa na saa mbili: Kinshasa iko saa moja nyuma ya Lubumbashi. Kwa hiyo safari ya kwenda Lubumbashi ikisomwa kwa kutoa namba huonekana kuwa ndefu kwa saa moja kuliko ilivyo, na ya kurudi huonekana fupi kwa kiasi hichohicho. Ratiba za Delhi na Kathmandu hutofautiana kwa dakika 15, tofauti ndogo ambayo ni rahisi kuisahau.

Na kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili, kuna uangalifu wa ziada. Saa 07:00 ya tiketi ni saa moja asubuhi, na 13:00 ni saa saba mchana. Hayo wengi wanayajua. Kinachowaponza watu ni ndege ya 00:30 siku ya Jumanne. Hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumanne, kwa hiyo mtu anapaswa kuwa kiwanjani Jumatatu usiku. Anayekwenda Jumanne usiku amechelewa kwa siku nzima.

Asubuhi, alasiri na kurudi

Baada ya kuchagua aina ya ndege na njia, bado kuna uchaguzi wa saa ya kuondoka, nao mara nyingi una uzito kuliko tofauti ya pangaboi na jeti. Ndege moja huweza kufanya safari nne au tano kwa siku kati ya viwanja vidogo, na kuchelewa kwa safari ya kwanza huirithisha ya pili, nayo ya tatu. Ndege ya kwanza ya siku, hasa ikiwa imelala kwenye kiwanja unachoondokea, haina cha kurithi. Katika nchi za joto, mawingu ya radi hujijenga mchana na kukomaa alasiri, kwa hiyo anayeruka asubuhi hupata pia anga tulivu zaidi. Adui wa asubuhi ni ukungu, hasa kwenye viwanja vya mabondeni visivyo na vifaa vya kumwongoza rubani kutua bila kuiona njia. Mahali hapo ndege ya saa tatu inaweza kuwa salama zaidi kwa ratiba yako kuliko ya saa moja.

Kurudi kunahitaji kupimwa peke yake, ingawa umbali ni uleule. Viwanja vingi vidogo havina taa za njia ya kurukia, na ndege inayokwenda huko lazima itue kabla ya giza. Ndege ya jioni ikichelewa kuondoka kwa saa moja, haifiki ikiwa imechelewa kwa saa moja. Haiondoki kabisa, na abiria wanalala walipo. Kwa hiyo mtu anayekwenda kutoka mji mdogo hadi mji wenye kiwanja chenye taa anaweza kuchukua pangaboi ya alasiri bila wasiwasi mkubwa, lakini siku ya kurudi kwenye kiwanja kisicho na taa achukue ya asubuhi, hata ikimlazimu kuamka saa kumi alfajiri, na hata kama ile ya jioni ni jeti.